Adriani Atiman, Mtumwa Aliyekombolewa Akawa Tabibu wa Watu

Ugonjwa uingiapo nyumbani huleta maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: mgonjwa wetu anaumwa nini? Swali la pili ni hili: ni nani aliyemfanyia hivi? Maswali haya yafanana kwa maneno, lakini hayampeleki mtu mahali pamoja. Aulizaye la kwanza hufika zahanati, hupimwa, hupewa dawa, tena humwomba Mungu aibariki dawa ile. Aulizaye la pili hutoka usiku kwenda kwa mpiga ramli, naye hurudi nyumbani amebeba jina la mtu. Mara nyingi jina hilo ni la jirani, au la shangazi, au la bibi kizee akaaye peke yake.

Katika nchi ya Usukuma, tangu Shinyanga mpaka machimbo ya dhahabu ya Geita, swali la pili limemwaga damu nyingi. Uchunguzi uliofanywa na Serikali ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na mwaka 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa katika Tanzania Bara kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na sehemu kubwa yao walikuwa wa Usukuma. Wengi wao walikuwa wanawake, na wengi wa wanawake hao walikuwa wazee. Wako waliohukumiwa kwa macho mekundu tu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni kwa miaka mingi, kwa kuwapikia watoto na wajukuu. Baadaye, tangu karibu na mwaka 2006, likaja jambo jingine la kutisha. Watu wenye ualbino walianza kuwindwa katika mikoa hii ya Ziwa, kwa sababu wako waliowadanganya wachimbaji na wavuvi kwamba kiungo cha ndugu yao chaweza kuwaletea dhahabu na samaki. Serikali ilipiga marufuku kazi ya waganga wa namna hiyo mwaka 2009, na tena mwaka 2015. Wakosaji wengine walihukumiwa. Lakini sheria humkamata mkosaji baada ya kosa. Moyo wa mtu hubadilishwa kwa njia nyingine.

Kwa hiyo leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyeponya wagonjwa katika nchi yetu kwa muda wa miaka 67, asitafute mchawi wala asijitajirishe kwa maumivu ya watu. Hakuwa Msukuma, wala hakufanya kazi Shinyanga. Alikaa mbali kidogo, upande wa kusini magharibi, huko Karema, kwenye pwani ya Ziwa Tanganyika. Hata kuzaliwa hakuzaliwa katika nchi hii. Walakini maisha yake yalijibu yale yanayowasumbua watu wa Shinyanga na Geita hata leo, tena yalijibu kwa matendo. Jina lake ni Adriani Atiman.

Alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo siku hizi Mali. Akali mtoto mdogo alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa, akaondolewa kwa wazazi wake asiwaone tena. Akavushwa jangwa la Sahara pamoja na mateka wengine. Safari hiyo iliwaua watu wazima wengi kwa kiu na uchovu, sembuse watoto. Wasafirishaji hawakumhesabu kuwa mtoto wa mtu. Walimhesabu kuwa mali, kama chumvi na ngozi zilizobebwa na ngamia wao.

Hivyo alifika Metlili, kusini ya nchi ya Algeria, na huko mwaka 1876 Mapadre Weupe wakamnunua ili wamweke huru. Shirika hilo la wamisionari lilikuwa changa bado, maana Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers alilianzisha mwaka 1868. Wamisionari wake walikuwa wakiwakomboa watoto wa Kiafrika waliokuwa wakiuzwa jangwani, wakawapeleka Algiers kuwalea na kuwafundisha. Atiman alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Kwa mara ya pili fedha ilikuwa imetolewa kwa ajili yake. Lakini wa kwanza walilipa ili wammiliki, na hawa walilipa ili asimilikiwe na mtu tena. Mwaka 1882 alibatizwa, akaitwa Adriani.

Hapa yatupasa tueleze kidogo shauri la Lavigerie, kwa kuwa ndilo lililompa kijana huyu kazi yake ya maisha. Askofu huyo, aliyefanywa Kardinali mwaka huohuo wa 1882, aliona kwamba Afrika haitaongoka kwa nguvu za wageni peke yao. Wamisionari wa Ulaya walikuwa wachache, tena homa iliwaua upesi. Aliamini kwamba Waafrika wenyewe ndio watakaowapelekea Waafrika wenzao Injili. Akatafakari tena ni kazi gani iwezayo kuifungua milango ya watu wasiomjua Kristo, akaona ya kuwa ni kazi ya kuponya. Mtu ataweza kumkataa mwalimu, lakini si rahisi kumkataa yule aliyemwosha mtoto wake kidonda na kumpoza homa.

Basi akakusudia kuwafanya baadhi ya vijana waliokombolewa kuwa makatekista na matabibu kwa pamoja. Hawakutakiwa kuwa mapadre. Walitakiwa kuwa walei, waoe, wajenge nyumba zao kati ya watu, wale chakula cha watu na kusema lugha ya watu. Wasigeuzwe kuwa Wazungu weusi, bali wabaki Waafrika wenye elimu ya tiba na imani hai. Na kazi yao ya uganga waifanye bure, kama vile Bwana wetu alivyowaagiza Mitume aliposema nao habari ya kutoa bila malipo kile walichokipokea bila malipo.

Kwa kusudi hilo ilifunguliwa nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, na vijana wakasoma utabibu katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho. Atiman alikuwa mmoja wao. Alisoma kwa miaka saba hivi. Na tufikiri ilivyokuwa kwake: mtoto wa kando ya Niger, aliyeibwa na kuuzwa, sasa aketi kati ya wanafunzi wa Ulaya, ajifunze mwili wa mwanadamu ulivyoumbwa, mifupa yake, damu yake, na magonjwa yake pamoja na sababu zake. Elimu hiyo ilimfundisha jambo moja lililo wazi kwa kila asomaye utabibu, yaani kwamba ugonjwa una sababu iwezayo kutafutwa, na sababu hiyo kwa kawaida haikai katika nyumba ya jirani.

Mwaka 1888 masomo yalikwisha, akatumwa Afrika ya Mashariki. Mwaka huohuo Kardinali Lavigerie alianza kuzunguka katika miji mikubwa ya Ulaya akihubiri vita juu ya biashara ya watumwa. Kwa hiyo mzee alipokuwa akiwaamsha wakubwa wa Ulaya kwa maneno, kijana aliyeokolewa katika biashara hiyo alikuwa safarini kuelekea mahali ambapo biashara hiyo ilikuwa bado inawala watu.

Saa hiyo pwani yetu ilikuwa katika machafuko, maana Abushiri na watu wake walikuwa wameanza kupigana na Wadachi. Reli haikuwapo. Kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika watu walikwenda kwa miguu zaidi ya kilometa elfu moja, kwa njia ile ya kale ya misafara ipitayo Unyamwezi. Ilikuwa njia ya pembe za ndovu na watumwa: misafara ya mapagazi ilikwenda bara, na misafara ya mateka ilishuka pwani. Mtu aliyevushwa Sahara kwa nguvu angaliweza kukataa kupita tena njia iliyofanana na ile. Atiman hakukataa. Mwaka 1889 alifika Karema, akiwa na miaka ishirini na kitu, na hapo ndipo alipomaliza siku zake zote.

Karema ilianza mwaka 1879 kuwa ngome ya Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika, kisha mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Ilikuwa mahali pa kimbilio. Watumwa waliokombolewa, mayatima, na watu waliokimbia mashambulio ya wateka watu walijenga kuuzunguka ule ukuta. Ng'ambo ya Ziwa alikaa Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa hapo zamani, ambaye aliwalinda Wakristo kwa silaha. Kwa silaha Joubert aliwazuia wateka watu. Atiman hakuwa na bunduki katika kazi yake. Alikuwa na mkoba wa dawa, visu vya kupasulia, na Katekisimu.

Wagonjwa aliowakuta hawakuwa na idadi. Homa za malaria zilikuwa za kila msimu. Ndui ilipita mara kwa mara, ikaacha vipofu na makaburi. Vidonda vya miguu viliwalemaza watu wa kazi. Katika miaka ya 1890 funza waliingia kutoka upande wa Kongo, wadudu ambao wenyeji walikuwa hawajawajua, wakawala watu vidole vya miguu. Katika miaka ileile sotoka iliua ng'ombe nchi nzima, na njaa ikafuata. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ukaenea katika pwani za Ziwa, na vijiji vingine vikabaki magofu. Kila balaa ya namna hii ilipotokea, bila shaka watu wengi waliuliza lile swali la pili: ni nani? Maana mwanadamu mwenye uchungu hupenda kuwa na mtu wa kumlaumu.

Atiman aliwajibu kwa kazi. Alifunga vidonda, alipasua uvimbe, alitoa dawa za homa, alikesha na wazazi wa watoto mahututi. Hakuidharau elimu ya wenyeji. Mitishamba yao iliyofaa aliitumia pia. Hili na litazamwe vema, maana wako wasemao kwamba Kanisa huchukia kila kitu cha jadi. Mti uponyao tumbo umeumbwa na Mungu, na mzee aujuaye mti huo amepewa akili na Mungu yuleyule. Kanisa halimkatazi Mkristo kunywa dawa ya mizizi. Linalokataa ni ramli ichonganishayo ndugu, hirizi iuzwayo kwa hofu, na kafara itakayo damu ya mtu. Kati ya mganga wa miti shamba na mpiga ramli pana tofauti kubwa kama ile iliyopo kati ya mkulima na mwizi wa mazao, hata kama wote wawili waonekana shambani.

Lakini utabibu ulikuwa nusu tu ya wito wake. Atiman alikuwa katekista. Aliwafundisha watu sala na mafundisho ya dini, aliwatayarisha kwa ubatizo, aliwabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa. Hata hivyo dawa haikuwa chambo. Kadiri ya shauri la Lavigerie, mgonjwa alitibiwa kwa sababu ni mgonjwa. Aliyetaka kusikia habari za Mungu alifundishwa. Asiyetaka alifungwa kidonda chake vilevile, akaenda zake kwa amani. Ndivyo afanyavyo Bwana katika Injili. Kati ya wale kumi wenye ukoma aliowatakasa, mmoja tu alirudi kushukuru, wala hatusomi kwamba wale tisa walirudishiwa ukoma wao.

Alioa mke wa huko huko, Agnes Wansahira, binti wa mtawala wa Kibende. Kwa ndoa hiyo mtu asiye na ukoo alipata ukoo, na mgeni akawa mkwe wa nchi. Mungu aliwajalia mtoto, Yosefu, naye alipata upadre mwaka 1923. Tuzingatie jambo hili, wazazi Wakristo. Baba alinyakuliwa mikononi mwa wazazi wake akiwa mtoto, asipate kulelewa nao; naye alipopewa mtoto wake mwenyewe hakumshikilia, bali alimtoa kwa hiari awe wa Mungu. Katika siku hizo mapadre wa Kiafrika katika nchi hii walikuwa wachache sana, wa kuhesabika kwa vidole.

Miaka ikapita. Atiman alipofika Karema, utawala wa Wadachi ulikuwa haujafika Ziwani kwa nguvu. Akaushuhudia ukija, akaushuhudia ukiondoka katika Vita Kuu ya Kwanza, akaushuhudia wa Waingereza ukishika mahali pake. Maaskofu na mapadre wa Karema walikuja, wakafa au wakahamishwa, yeye akabaki. Watoto aliowaponya walikua, wakamletea watoto wao, na hao wakamletea wajukuu. Hakurudi kukaa tena kando ya Niger. Hakujenga hospitali kubwa ya jina lake, wala hakuhamia mjini kutafuta mshahara mnono, ingawa mtu mwenye elimu kama yake angalitafutwa popote.

Sifa zilimfuata uzeeni bila yeye kuzikimbilia. Baba Mtakatifu alimpa nishani, na Serikali ya Kiingereza nayo ikamheshimu. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozieleza mwenyewe, zilichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na hivyo watu wa mbali wakapata kumjua. Akafa Karema mwaka 1956, akiwa mzee wa miaka tisini hivi. Jina lake halikusahauliwa. Hospitali ya jimbo huko Sumbawanga yaitwa kwa jina la Dokta Atiman, na nyumba ya Wamisionari wa Afrika mjini Dar es Salaam nayo yaitwa Atiman House.

Basi maisha haya yatufundisha nini sisi, na hasa ndugu zetu wa Shinyanga na Geita?

Kwanza, yatufundisha kwamba kuponya ni sehemu ya Injili yenyewe. Bwana wetu hakuwatuma Mitume kuhubiri tu. Aliwatuma kuhubiri na kuponya. Mwinjili Luka alikuwa tabibu, naye ndiye aliyetuandikia habari za yule Msamaria aliyemimina mafuta na divai katika majeraha ya mtu asiyemjua. Kwa sababu hiyo Kanisa lilipofika katika nchi zetu lilijenga zahanati karibu na kanisa. Wamisionari walifika Bukumbi, karibu na Mwanza, mwaka 1883, miaka sita kabla ya Atiman kufika Karema, na kutoka huko imani na tiba zilienea Usukuma pamoja. Leo Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, na ile ya Sengerema huwapokea wagonjwa wa mikoa yote ya Ziwa. Ndugu zetu wa African Inland Church nao wamewatibu watu wa Shinyanga huko Kolandoto kwa miaka mingi, na hatuna budi kumshukuru Mungu kwa ajili yao pia. Mkristo aliye na hospitali hizi karibu naye, naye akamficha mtoto mwenye degedege ili ampeleke kwanza kwa mpiga ramli, anakataa zawadi aliyoletewa mlangoni.

Pili, yatufundisha kwamba dawa na sala si maadui. Wako Wakristo wadhanio kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani. Wako tena, siku hizi, wauzao maji, mafuta na vitambaa, wakiahidi kuponya kila ugonjwa kwa kiasi fulani cha fedha, na kuwaamuru wagonjwa wa kifua kikuu au wa UKIMWI watupe vidonge vyao. Hao hawatofautiani sana na mpiga ramli, ingawa wameshika Biblia. Atiman alisali na alitibu, mkono mmoja haukuuzuia mwingine. Vilevile Kanisa lina Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, ambayo si ya watu wanaokata roho tu, kama wengi walivyozoea kufikiri, bali ni ya kila mwamini anayeugua kwa uzito au aliyedhoofika kwa uzee. Tusingoje mpaka mgonjwa hawezi kusema ndipo tumkimbilie padre. Sakramenti hii haiuzwi, wala haimtaji adui. Yampa mgonjwa nguvu, amani, na msamaha wa dhambi; na Mungu akiona inafaa, yampa na afya ya mwili.

Tatu, yatufundisha juu ya bei ya mwanadamu. Mtu aliyewahi kuuzwa ajua vema maana ya mwili wa mtu kutiwa bei. Na ni nini basi kuwawinda ndugu zetu wenye ualbino, isipokuwa kuirudisha biashara ile ya zamani katika sura iliyo mbaya zaidi? Mfanya biashara wa Sahara alimtaka mtumwa akiwa hai. Huyu wa leo amtaka vipande vipande. Katika machimbo wako vijana waliokaa shimoni miezi mingi bila kupata hata chembe ya dhahabu, na madeni yamewaelemea. Akitokea mtu awaambiaye kwamba dhahabu hukimbia pasipo damu, wengine hushawishika. Wasomaji wetu mlio machimboni, dhahabu iko pale ambapo miamba iliiweka tangu zamani za zamani. Haisikii hirizi wala haivutwi kwa damu. Wachimbaji wa Geita waliipata katika miaka ya 1930 kwa kupima mawe na kuchimba, na wachimbaji wakubwa wa leo waipata vivyo hivyo. Hakuna mpiga ramli aliyewahi kutajirika kwa kuchimba. Wote hutajirika kwa kuwatoza wachimbaji.

Nne, yatufundisha kutafuta ugonjwa pale ulipo. Vijana wengi wa machimbo wanakohoa, na katika makambi yao huulizana ni nani anayewaroga. Vumbi la mawe lililojaa katika shimo huharibu mapafu na kumfungulia kifua kikuu mlango. Zebaki itumiwayo kukamata dhahabu, ikichomwa motoni, hutoa mvuke usioonekana uingiao kifuani, ukatetemesha mikono na kuharibu akili, hata za watoto walioketi karibu na moto ule. Kikohozi hicho hakina mchawi. Kina vumbi, kina mvuke, na kina dawa. Mama mwenye nyumba aliyeharibika macho kwa moshi hahitaji kuogopwa; ahitaji jiko lenye bomba la kutolea moshi, na mtu wa kumpeleka kwa daktari wa macho. Jambo dogo kama hilo, likifanywa na vijana wa jumuiya moja kwa bibi mmoja, lamtoa katika upweke wake na kumwondolea uvumi. Nani atamwita mchawi bibi ambaye vijana wa kigango humletea kuni na maji kila wiki?

Tano, yatufundisha kudumu. Wasemao kwamba Atiman alikuwa na bahati ya kusoma wasema kweli. Lakini waliosoma ni wengi, na waliodumu mahali pamoja kwa miaka 67 ni wachache. Zahanati zetu za vijijini zina shida ya watu. Muuguzi akifika, hupenda kuhama. Mkunga hutamani mjini. Hatuwalaumu, maana wengi wana watoto wa kusomesha, na nyumba wanazopewa mara nyingine hazifai. Ni juu yetu waamini na viongozi kuwatunza ili wakae. Hata hivyo twawaomba vijana wetu wa shule, wavulana kwa wasichana, wafikiri kama Mungu hawaiti kuwa waganga, wauguzi na wakunga kati ya watu wao wenyewe. Wito huo ni mtakatifu. Kanisa halikumfanya Atiman padre. Lilimwacha mlei, mume na baba, na katika hali hiyo alifanya kazi ya kitume iliyo kubwa.

Iko haja ya kusema neno la mwisho kwa akina baba, kwa kuwa katika nyumba nyingi ndio waamuao mgonjwa aende wapi. Usiku ule mtoto apatwapo na homa kali, na ndugu wakaanza kunong'ona kwamba iko nyumba fulani inayojulikana, maisha ya watu wawili yako mikononi mwako: ya mtoto wako, na ya yule ambaye jina lake linakaribia kutajwa. Ukimwahisha mtoto hospitali, waweza kuwaokoa wote wawili. Ukienda kwa mpiga ramli, waweza kuwapoteza wote wawili, nawe ukabaki na damu mikononi na kaburi dogo nyuma ya nyumba. Usione haya mbele ya ndugu zako kukataa. Waambie kwamba wewe ni Mkristo, na kwamba katika nyumba yako ugonjwa hutafutiwa dawa, hautafutiwi mtu.

Tarehe 11 Februari ya kila mwaka, tangu mwaka 1993, Kanisa zima huwaombea wagonjwa na wale wawahudumiao. Siku hiyo, tukiwaombea wagonjwa wa parokia zetu, tuwataje na vizee wanaoishi kwa hofu katika vijiji vya Shinyanga, na watoto wenye ualbino wanaofungiwa ndani ili wasiibwe, na wachimbaji wakohoao huko Geita. Na tumwombe Mungu, aliyemtoa Adriani Atiman katika minyororo na kumfanya mkono wa huruma yake, awainue wengine wengi wa namna yake katika nyumba zetu.